Hamsini ni Sawa na Hamsini

Jumatatu, 12 Februari 1979
Mvua imeanza leo mchana, Mkufunzi Gervasi akiwa anaandika ubaoni. Bati likapiga kelele hata hatukusikia neno, naye akaendelea kuandika tu, hana habari na mtu. Milinganyo miwili, na ndani yake x na y, wote wawili hawajulikani. Ndilo somo jipya hilo, na ametuhakikishia litakuwemo kwenye mtihani wa ualimu mwezi wa sita.

Asubuhi nafundisha darasa la tatu, mchana nageuka mwanafunzi. Ndivyo tulivyo sisi walimu wa Elimu kwa Wote, nusu huku nusu kule. Mume wangu Pancras alikuwa hivyo hivyo, ila yeye hesabu zilikuwa chakula chake. Jioni alikuwa ananieleza kila kitu upya, mimi nikipepeta maharage. Novemba mgambo wa tarafa yetu waliitwa vitani, akaenda. Tangu hapo sijui lolote, si juu yake wala juu ya x.

Jumatano, 14 Februari
Mvua. Mama mkwe amemaliza kupanda shamba la juu. Sikusoma.

Ijumaa, 16 Februari
Mama mkwe wangu, Bonifasia, analima kama anagombana na ardhi. Leo matope yalifika kwenye vifundo vya miguu, nikamwambia, "Mama, tupumzike hata siku moja." Akaniangalia kutoka chini, mgongo umeinama vile vile. "Nipumzike nina nini? Nani amekufa humu?"

Kwetu nyumba yenye msiba haishiki jembe. Mtu akifa, majembe yanaingizwa chini ya kitanda, na hayatoki mpaka wazee waondoe matanga. Kwa hiyo kila asubuhi Mama anapotoka na jembe begani anaitangazia Murusagamba yote kwamba mwanawe yu hai. Hajaniambia hivyo. Ila juzi alipita na jembe mbele ya nyumba ya balozi wa nyumba kumi, na shamba letu haliko upande huo.

Mimi sina pa kutangazia. Nalala nikigeuka, naamka nimechoka. Nikishika chaki nataka jembe, nikishika jembe nataka kusimama njiani kuangalia nani anakuja.

Jumamosi, 24 Februari
Siku mbaya sana. Sokoni mama mmoja muuza mihogo, simfahamu, alikuwa anasimulia kwamba vijana wa upande wetu wamepigwa risasi huko mbele ya mpaka, wengi. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikapu. Aliondoka, mbegu hazijanunuliwa, na niliporudi nyumbani nikakuta jembe lake limelala kizingitini, nusu ndani nusu nje. Asingelitoa tena, tungepoteza msimu, na zaidi ya msimu tungekuwa tumemzika mtu kwa maneno ya muuza mihogo.

Kabla sijarudi nyumbani, pale pale sokoni, Habimana alikuwa amenifuata. Huyu ndiye anayebeba ndizi kwa baiskeli mpaka Rulenge na kurudi na habari za dunia nzima. Akasema, "Pole mwarimu, nimesikia." Hasira zikanipanda.

"Umesikia nini? Pancras anajua hesabu kuliko mkufunzi wake. Jeshi lina akili. Watakuwa wamemwacha Bukoba ahesabu magunia ya unga. Nani atampeleka mtu kama huyo mbele?"

"Kweli," akasema Habimana. "Kweli kabisa, mwarimu."

Nilisema tu. Mimi nikishikwa na hofu lazima mdomo ufanye kazi.

Jumapili, 25 Februari
Mama ametoka na jembe. Sikumuuliza. Redio ya ofisi ya kijiji inasema Masaka imechukuliwa. Masaka ni mbali na Bukoba, nimejiambia mara nyingi leo.

Alhamisi, 1 Machi
Swali la Mkufunzi, la kufanyia nyumbani: Vikapu viwili vya maharage na kimoja cha mihogo vina uzito wa kilo 50. Kikapu cha maharage kinakizidi cha mihogo kwa kilo 10. Tafuta uzito wa kila kikapu.

Generoza, tunayefundisha naye, kaniambia maharage tuyaite x, mihogo y. Basi 2x + y = 50, na x − y = 10. Hapo niko sawa. Mkufunzi alisema: chukua mmoja wa wasiojulikana, mweleze kwa kutumia mwenzake, halafu uweke maelezo hayo mahali pake. Nikachukua ule wa kwanza. y = 50 − 2x. Nikaweka mahali pa y:

2x + (50 − 2x) = 50
50 = 50

Limekubali! Nimepiga mistari miwili chini yake kwa rula. Pancras angeona.

Jumatatu, 5 Machi
Mkufunzi Gervasi amesoma daftari langu mbele ya wote. "Hamsini ni sawa na hamsini. Hongera, Mwalimu Verediana. Nani alibisha?"

Walicheka wote, Generoza akiwa wa kwanza. Nikauliza kosa liko wapi, maana kila mstari ni kweli. "Ni kweli tupu," akasema, "ndiyo maana haisaidii. Ungeenda kwenye mlinganyo wa pili." Wingu likafunga, akapanda baiskeli yake kuiwahi mvua. Wa pili, wa kwanza, kwangu yote ni herufi zile zile. Nimeudhika.

Ijumaa, 9 Machi
Hakuna sabuni dukani. Hakuna chumvi. Malori yote yako vitani.

Jumanne, 13 Machi
Nimemfokea mtoto wa darasa la tatu bila kosa, kisa amechungulia dirishani. Mimi mwenyewe nilikuwa nachungulia.

Jumamosi, 17 Machi
Mungu mkubwa! Yu hai!

Generoza amekuja mbio, khanga iko mkononi, hajavuta pumzi. "Ameonekana! Pancras wako ameonekana Bukoba. Hayuko mbele. Wamempa kazi ghalani, anahesabu magunia ya unga."

Nilikaa chini kwenye majani mabichi. Mama alitoka jikoni, akasikia, akarudi jikoni, halafu nikasikia kuku analia. Tumemla jogoo aliyekuwa akiwekewa Pasaka. Mama hakuacha kunitazama. "Nilikuambia," anasema, na hakuniambia kitu. Kesho tunafungua shamba la pili, lile la bondeni, la pori. Nimecheka leo mpaka mbavu zinauma. Anahesabu magunia, yule mtu wangu!

Jumatano, 21 Machi
Shamba la bondeni. Viganja vimetoka malengelenge. Sijali.

Jumapili, 25 Machi
Baada ya misa mama mmoja wa Kibimba kanishika mkono: naye amesikia, Bukoba, ghala, magunia. Habari imetoka pande mbili sasa. Mama kampa mama yule mkungu mzima wa ndizi.

Jumatatu, 2 Aprili
Nimeota Pancras ananifokea kwa sababu nimemkosea hesabu.

Alhamisi, 12 Aprili
Kampala imeanguka. Ngoma tangu jana, pombe ya rubisi inamwagika, hata katekista anacheza. Kila anayenipita ananipigia kelele: "Mwalimu, mzee wa magunia anarudi!" Nikacheza na mimi. Halafu katikati ya ngoma nikajiuliza: kutoka Bukoba mtu aliye ghalani, aliye na kalamu na karatasi siku nzima, anashindwaje kutuma salamu? Nikaacha kucheza. Mama akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 20 Aprili
Mvua haikatiki. Maharage ya juu yametoa maua.

Jumatatu, 23 Aprili
Nimekosea tena swali lile lile, kwa namba nyingine. Safari hii nimepata 30 = 30.

Mkufunzi hakucheka. Darasa lilipotawanyika alinibakiza, akavuta kiti. Anajua kutania, lakini akikaa chini ni mwalimu hasa.

"Huu mlinganyo wa kwanza ndio uliokuambia y ni nini," akasema. "Sivyo?"

"Ndiyo."

"Halafu unaurudia ule ule kuuuliza kama ni kweli. Utakujibu nini? Ni kweli. Hata ukiurudia mpaka Krismasi utakuambia ni kweli, maana unakurudishia maneno yake. Nenda kwa wa pili, ambao bado hujauuliza kitu."

Akaandika upya swali la vikapu. Kutoka wa pili: x = y + 10. Maelezo hayo nikayapeleka kwa wa kwanza, mahali pa x:

2(y + 10) + y = 50
3y + 20 = 50
3y = 30
y = 10

Mihogo kilo kumi, maharage ishirini. "Sasa rudisha majibu yako kote kuwili," akasema. Vikapu viwili vya ishirini na kimoja cha kumi, hamsini. Ishirini toa kumi, kumi. Yote miwili imekubali. Nilitaka kumkumbatia, kama si heshima.

Nikatoka na furaha hiyo, nikapita barazani kwa balozi, wanaume wamekaa, mmoja akaita, "Mwalimu! Vipi magunia ya unga?" Wakacheka kwa wema.

Magunia ya unga.

Miguu ikasimama yenyewe. Kwa nini unga? Jeshi linakula maharage, wali, mahindi, nyama ya ng'ombe tuliowachanga sisi wenyewe. Kwa nini kila anayeniletea habari analeta unga?

Nikaenda moja kwa moja kwa Generoza, nikamkuta anakoka moto. Nani alikuambia? "Mke wa Habimana." Nikaenda kwa mke wa Habimana. Nani alikuambia? "Mume wangu." Na yule mama wa Kibimba? "Hununua ndizi kwake, si unamjua Habimana." Habimana alikuwa nyuma ya nyumba, anaziba tairi kwenye karai la maji. Nikamsalimia, nikamuuliza kwa utaratibu kabisa, habari ya Bukoba aliisikia kwa nani.

Akatafakari. Mtu mwema, hana uongo. Akainua uso, anatabasamu.

"Si wewe mwenyewe, mwarimu? Pale sokoni."

Jumanne, 24 Aprili
Sikwenda shule. Nimesema naumwa, na si uongo. Wiki tano nzima nimekula maneno yangu mwenyewe na kuyaona matamu. Kijiji kizima kilinirudishia, kila mtu kwa mdomo wake, na mimi nikaona ni watu wengi. Mama yuko bondeni, anaimba. Nitamwambia nini? Sijui kama Pancras yu hai. Sijui kama amekufa. Niko pale pale nilipokuwa Februari, ila sasa tuna mashamba mawili.

Jumamosi, 28 Aprili
Natembea tu ndani ya nyumba. Mama ananiuliza nimepoteza nini.

Jumatatu, 30 Aprili
Nimefanya maswali sita ya Mkufunzi, sita yote nimepata. Nikiwa katikati ya la sita nikaacha kalamu.

Usiku ule wa Novemba, akifunga mzigo wake, Pancras alisema kila watu wawili wanachimba handaki moja, na wa kwake ni Kazimili, kijana wa Biharamulo waliyefundishwa naye mgambo. "Alipo Kazimili nipo," akasema. "Ukimpata yeye umenipata mimi." Nikamjibu kwamba sina haja na Kazimili. Alicheka sana.

Basi sijui Pancras yuko wapi. Sijui Kazimili yuko wapi. Lakini najua mmoja kwa kumtumia mwenzake, na kwao Kazimili kuna watu ambao hawajapata kusikia mdomo wangu wala wa Habimana. Nyumba yao iko chini ya boma, baba yake ni fundi baiskeli. Naenda.

Jumamosi, 5 Mei
Nimemwambia Mama. Tulikuwa tunapalilia bondeni.

"Naenda Biharamulo, kumtafuta Kazimili."

"Wa nini? Si tumeambiwa yuko Bukoba."

"Nani ametuambia, Mama?"

"Watu wote," akasema, akakata gugu kwa nguvu. Baadaye, bila kuinua kichwa: "Chukua viazi vya njiani."

Jumanne, 8 Mei
Rulenge. Nimetembea na mvua yote iliyobaki duniani. Kuna lori la misheni kesho. Sista mmoja ameniazima koti.

Alhamisi, 10 Mei
Biharamulo. Lori lilikwama, tukalala porini, tumefika leo asubuhi. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha dada yake Kazimili, Deodata, maana nisipoandika sasa sitaandika.

Niliiona nyumba kabla ya kuuliza, kwa magurudumu yaliyotundikwa ukutani. Mama mmoja alikuwa anachambua mchicha. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikataja jina la Kazimili. Aligeuka kuangalia ndani, nikajua yupo. Yupo! Alipo Kazimili nipo. Nilikaribia kuita "Pancras" pale pale mlangoni, mjinga mimi.

Alitoka kwa magongo. Mguu wa kushoto umekatwa juu ya goti. Ni kijana mdogo kuliko nilivyofikiri, ndevu zinaanza tu. Nikajitambulisha. Akatafuta ukuta wa kuegemea.

"Shemeji," akasema. "Nilikuwa nije. Nilimwahidi nitakuja Murusagamba. Sasa unaona mwenyewe."

Hapo nilishajua, lakini nilikuwa nimetoka mbali, nikauliza. Nikamuuliza kama Pancras hakuwa Bukoba, ghalani, akihesabu magunia ya unga.

Kazimili akanitazama bila kuelewa. "Magunia gani, shemeji?"

Hakuwahi kusikia. Mtu wa kwanza tangu Februari.

Akanieleza yote, taratibu, mama yake akiwa amenishika bega. Machi, Lukaya, mbele ya Masaka, barabara katikati ya matete na maji, adui pande zote. Handaki lao liliingiwa na kombora alfajiri. Kazimili alitolewa yu hai, Pancras hakutolewa yu hai. Wamemzika kando ya barabara, mkono wa kushoto ukielekea Kampala, pamoja na wengine. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa anamfundisha Kazimili hesabu kwa kijiti kwenye udongo, apate kitu cha kufikiri. Nikauliza hesabu gani. Kazimili akasema hakumbuki, yeye hakuwa anasikiliza, alikuwa anaogopa. Akaanza kulia, na mimi ndiye nikambembeleza.

Jumamosi, 12 Mei
Rulenge tena. Mvua imekatika. Anga jeupe, sina macho ya kulitazama.

Jumapili, 13 Mei
Nimefika mchana. Nilimkuta Mama bondeni hata siku ya Bwana, anamaliza palizi. Jembe langu alikuwa amelisimamisha kwenye mstari wangu, ananisubiri. Maharage yamefika magotini, mazuri kuliko ya mtu yeyote Murusagamba.

"Umekawia," akasema. "Mstari wako huo. Shika."

Nilisimama mwisho wa mstari. Jembe lilikuwa hapo hapo, ningenyoosha mkono tu. Sikunyoosha. Akapiga majembe mengine mawili matatu, akangoja kusikia la kwangu, hakulisikia. Akanyooka polepole, akaitazama mikono yangu.

Halafu akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Umesikia kwa nani?"

"Kwa Kazimili. Walikuwa handaki moja."

"Na yeye amesikia kwa nani?"

"Aliona kwa macho yake, Mama."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei. "Na yale magunia?"

"Yalikuwa yangu. Niliyasema mimi sokoni, yakazunguka, yakarudi. Nisamehe, Mama."

Aliangalia shamba la juu, kisha hili la bondeni, mstari kwa mstari. "Yamenilimia mashamba mawili," akasema. Akaufuta udongo kwenye jembe lake kwa kiganja, pande zote mbili, akafuta na la kwangu, akayabeba yote mawili. Tukapanda mlima, yeye mbele. Alipofika mbele ya nyumba ya balozi aliyashusha majembe kutoka begani, akayapitisha chini, kwa mikono, ili wote waone. Kilio kilianza kabla hatujafika kwetu.

Jumatano, 23 Mei
Matanga yameondolewa. Habimana alikuja kila siku na maji, hakuweza kunitazama. Leo nimemwambia hana kosa. Tumenyolewa, Mama na mimi. Amelitoa jembe lake chini ya kitanda mwenyewe, akanipa langu mkononi.

Jumatatu, 11 Juni
Mtihani wa ualimu. Mama kanitayarishia maharage ya shamba la bondeni, mapya, kabla sijatoka.

Swali la nne lilikuwa la milinganyo miwili. Sikuharakisha. Nilichukua mmoja, nikampeleka kwenye mlinganyo wa pili, nikafungua mabano, nikampata y, kisha x. Nikarudisha majibu kote kuwili, kama Mkufunzi alivyosema. Wa kwanza umekubali. Wa pili umekubali. Hapakuwa na pa kukatalia tena.

Machozi yakadondokea karatasi, nikaisogeza. Msimamizi akaja, akainama karibu na sikio langu, akaniuliza kwa huruma kama swali limenishinda.

Nikamwambia hapana. Nimelipata.